Thirza Meech na Kijito Kinacholala

Pennet si mto. Ukiuita mto mbele ya watu wa Pennet Long, watakucheka mpaka uombe radhi. Ni kijito cha maili tatu na robo, na mahali pengi mwanamke mwenye haraka zake hukivuka bila kupandisha sketi. Kinazaliwa juu, kwenye kilima cha chaki, chini ya mti wa miiba ulioinamishwa na upepo. Kinafuata ua wa malisho, kinapenya chini ya barabara karibu na kanisa, kinajitandaza kidogo kwenye Bonde la Parokia, kisha kinashuka na barabara ya kijiji, mlango hadi mlango, kila nyumba na jiwe lake bapa la kuvukia. Baada ya hapo kinazunguka nyuma ya tanuri ya mikate, kinapita chini ya kinu kisichosaga tena, kinaipitia kona ya upupu ya mkulima Bugler, na hapo kinamezwa na mto mkubwa ambao hata jina lake haulijui.

Kina tabia moja ambayo mgeni haioni mpaka imchome. Kinalala. Ikifika Julai maji huanza kurudi nyuma kimya kimya, kama mgeni aliyegundua kwamba chakula ni kidogo. Wiki hii yameishia kanisani, wiki ijayo yamefika uani, na Agosti unaweza kutembea katikati ya kijito kwa viatu vya Jumapili. Wenyeji hawasemi kimekauka. Maji yamo ndani ya kilima, yanasubiri. Mvua za mwisho wa mwaka zikishakilowesha kilima mpaka kikatosheka, siku moja baada ya Krismasi utaona unyevu chini ya mti wa miiba, kesho yake uzi wa maji, na kabla Februari haijaisha bata wanaogelea mbele ya ofisi ya posta. Wanaume huwekeana dau la bia ya tufaha, nani atabahatisha siku ambayo maji yatagusa jiwe la kanisa.

Thirza Meech aliijua tabia hiyo kama mke anavyokijua kikohozi cha mumewe. Mume hakuwahi kuwa naye, kijito kilitosha.

Alikuwa na miaka tisa baba yake alipoanguka kutoka juu ya rundo la nyasi kavu na kuvunjika mgongo. Mama alikuwa na wadogo wanne. Thirza akachukua kapu, akaingia kijitoni kuchuma mboga ya maji iliyokuwa ikijiotea bure. Ni majani madogo ya mviringo, ya kijani kilichokolea, yanayowasha ulimi kama haradali. Matajiri huyaweka kando ya nyama, maskini huyaweka katikati ya mkate, na wote wawili huyahitaji zaidi wakati wa baridi. Akawa anawauzia abiria madirishani treni ya London iliposimama. Wiki ya kwanza aligundua kwamba fungu lililofungwa kwa gome la mti wa mwerebi huonekana nono kuliko lile lile lililofungwa kwa uzi. Wiki ya pili aligundua kwamba dakika moja kabla treni haijaondoka watu hawabishani bei. Shule haikumfundisha jambo kubwa kuliko hayo mawili.

La tatu alifundishwa na kijito. Maji yanayotoka ndani ya chaki hayajui majira. Joto lake Januari ni lile lile la Juni. Asubuhi ya barafu, bustani zote za Uingereza zikiwa zimekufa, Pennet hufuka moshi kama sufuria ya chai, na ndani yake mboga imesimama kijani. Wachumaji wengine walivaa glavu. Thirza alivua zake na kutia mikono majini apate joto.

"Kiangazi kila mtu ana mboga," alikuwa akisema. "Mimi nauza barafu ya wenzangu."

Alipofikisha miaka thelathini na mitatu alilichukua Bonde la Parokia. Bonde hilo si mali ya mtu. Hukodishwa mwaka kwa mwaka, Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa, na kodi yake huwanunulia wajane makaa ya mawe. Hukodishwa kwa mshumaa. Mzee wa kanisa hukata kipande cha inchi moja, hukisimamisha kwenye kisahani na kukiwasha. Mwali ukiwaka, hakuna kuinuka, hakuna kusema neno isipokuwa kutaja bei. Atakayevunja mwiko huo hutolewa nje, na bei aliyotaja hufa. Mwali ukizimika, wa mwisho kutaja ndiye mwenye bonde.

Mwaka ule wa kwanza bonde lilikuwa bovu, maji yakipotelea chini. Thirza alimwaga kokoto, akapanga vitalu kumi na viwili, akavipimia mteremko kwa jicho. Mwaka baada ya mwaka alirudi kwenye mshumaa, na mwaka baada ya mwaka hakuna aliyeshindana naye kwa dhati. Ikapita miaka kumi na tisa. Magoti yakaanza kumuuma, mikono ikawa myekundu kama figo, na mboga yake ikawa inajulikana sokoni London kwa jina la kijiji.

Ndipo akaja Ambrose Vine na lori.

Alitoka jimbo la jirani, ambako vijito vinatiririka Agosti kama Machi bila kupumzika. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mpole, buti zake safi kupita kiasi, na alikuwa na fedha. Alikuja mwezi wa Machi, Pennet imejaa inaimba, akaliona bonde, akapenda. Kisha akafanya jambo la busara, alimtafuta anayejua.

"Bi Meech, nimeambiwa hakuna anayekijua kijito hiki kukushinda."

"Wamekuambia kweli. Mara moja moja ukweli huwateleza."

Thirza alimtembeza kutoka kwenye mti wa miiba mpaka mtoni. Hakumdanganya hata neno moja. Alikuwa na kanuni yake ya biashara, nayo ilikuwa imemlisha vizuri: ukiulizwa jibu kweli, usipoulizwa funga mdomo. Mnunuzi hununua kwa macho yake mwenyewe.

"Maji haya huwa safi hivi?"

"Sijawahi kuyaona machafu."

"Na barafu?"

"Haigandi. Weka mkono."

Vine aliweka mkono, akacheka kama mtoto. Aliuliza juu ya panya wa majini, juu ya treni ya alfajiri, juu ya magugu. Aliuliza maswali ishirini. Kuuliza si ujinga, lakini lile moja hakuliuliza, kwa sababu kwao halikuwa swali. Nani humuuliza mwenye ng'ombe kama ng'ombe wake ana miguu minne?

Walipofika kwenye kona ya upupu ya Bugler, Thirza aliharakisha hatua. Kona hiyo alikuwa akiivizia tangu miaka sita nyuma. Chini ya ule upupu kulikuwa na chemchemi ndogo, mbaya kwa sura, ambayo hailali kamwe. Bugler alijua kwamba anaitaka, kwa hiyo bei ikawa juu. Thirza alijua kwamba hakuna mwingine anayeitaka, kwa hiyo alisubiri.

Siku ya mshumaa walipandishana bei, yeye na Vine, shilingi kumi kwa kumi, mpaka kwenye kikomo ambacho Thirza alijiwekea nyumbani akinywa chai. Vine akapita kikomo hicho. Thirza akafunga mdomo. Mwali ukainama, ukazimika, na vitalu kumi na viwili vya miaka kumi na tisa vikawa vya mtu mwingine.

Nje, mchunga kondoo Enos Squibb alikuwa ameegemea ukuta wa makaburi. Alimwita Thirza msichana, ingawa ana miaka hamsini na miwili. Huko kila mwanamke ni msichana mpaka azikwe.

"Pole, msichana. Ulimwambia kwamba kinalala?"

"Hakuniuliza."

Enos alitema mate pembeni. "Kondoo wangu wakila majani ya sumu hawaniulizi pia."

"Ndiyo maana wewe una kondoo na mimi nina nyumba," alijibu Thirza, akaenda zake.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Vine atapanda mboga ya kiangazi kama kwao. Julai kijito kitalala, mboga itakauka, naye atatafuta wa kumwachia bonde kwa bei ya kutupa. Wa kumwachia atakuwa mmoja tu. Kwa kusubiri miezi mitatu, Thirza angelipata bonde lake kwa robo ya kodi. Alilala usingizi mzuri.

Julai ikaja. Maji yakarudi nyuma. Siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, Vine aligonga mlango wake, buti zina vumbi.

"Nani amefunga maji yangu?"

"Mungu. Hufunga kila mwaka wakati huu."

"Usinichezee, Bi Meech. Huko juu kuna mtu ameyageuza."

"Basi panda ukamkamate. Nitakusubiri na chai."

Vine alipanda kweli. Alirudi baada ya saa mbili, akasimama langoni, hakuingia. Alikuwa amefuata kijito kikavu mpaka kwenye mti wa miiba na hakukuta mwizi. Alikuta mawe meupe na kipepeo.

"Naweza kukuondolea mzigo huo," Thirza alisema. "Robo ya ulichotoa."

Hapo alikosea. Mtu aliyetoka kuchomwa na jua kwa kujikuta mjinga hapewi bei siku hiyo hiyo. Mpe kwanza wiki moja apoe. Vine aligeuka akatazama kijito kikavu.

"Maji yamo humo ardhini," alisema. "Nitayachimba."

Thirza alidhani ni hasira za mdomoni. Hakuwa na vitalu vya kutunza, kwa hiyo mwanzoni mwa Septemba alifunga mkokoteni akaenda mabonde ya mbali kununua matufaha, wiki mbili nzima. Aliporudi alipitia njia ya kanisani, na farasi akasimama kabla yeye hajavuta hatamu.

Katikati ya bonde, pale ambapo kijito hujitandaza, kulikuwa na shimo. Refu kuliko mtu, pana kama chumba cha kulala. Kokoto zake zilikuwa zimetupwa kando. Chini kabisa kulikuwa na chaki nyeupe, kavu kama unga.

Alishuka, akapiga magoti ukingoni. Magoti yalilia, hakuyasikiliza. Aliona ule mstari wa kijivu uliokatwa na sepetu, udongo wa mfinyanzi, unene wake kama mkate mmoja. Huo ndio uliokuwa Bonde la Parokia. Mengine yote yalikuwa mapambo. Chini ya udongo ule chaki ina matundu kama jibini, na bila udongo ule hakuna maji yanayokaa juu. Aliukumbuka vizuri kwa sababu aliuweka yeye, mwaka ule wa kwanza, pamoja na babake Enos na kondoo wake. Hakumwambia Vine. Vine hakuuliza.

Watu husema kimya kikuu kina mshindo mkuu. Wake ulikuwa pale mbele yake, una urefu wa mtu na zaidi.

Alikaa ukingoni mpaka farasi akaanza kula majani ya kaburini. Hesabu yake ya Aprili alikuwa ameifanya kwa upande mmoja. Vine angeondoka kwa aibu, ndiyo, na bonde lingerudi kwake. Bonde gani? Baada ya Krismasi maji yangeshuka kutoka kilimani, yafike hapa, na kupotelea shimoni kama shilingi kwenye mfuko uliotoboka. Vitalu vyake visingeona tone. Na chini ya vitalu kuna barabara ya kijiji, mawe ya kuvukia, bata, pipa la mwoka mikate, yote yanangoja maji yale yale. Angelikodi tundu.

Vine alikuwa amepanga chumba juu ya baa. Thirza alimkuta anakunja mashati.

"Unaondoka?"

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuambia ulichotoboa." Akamweleza udongo, chaki na matundu, kwa maneno machache. Vine aliketi kitandani.

"Ulijua haya yote nilipokuja Machi."

"Nilijua."

"Na kwamba kinalala."

"Tangu nina miaka tisa."

"Tulitembea maili tatu pamoja, Bi Meech. Tulikula mkate wako. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Jibu lilimtoka kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza maishani alilisikia jinsi linavyosikika upande wa pili. Halikuwa zuri. "Sikiliza," akaendelea upesi, "mimi na wewe tuna miezi mitatu hivi kabla maji hayajarudi. Ukiondoka sasa umepoteza kodi, na mimi nimepoteza bonde. Kule kwenye tanuri la matofali kuna shimo la udongo wa mfinyanzi. Una lori. Leta udongo, mimi nitaleta wa kuukanyaga, na nitakufundisha kalenda ya kijito hiki, siku kwa siku. Mboga ya barafu bado unaiwahi."

"Na Aprili?"

"Aprili mshumaa utasema."

Vine aliinuka. Kisha akafungua shati alilokwisha kulikunja, akalivaa.

Enos alikuwa mgumu zaidi. Thirza alimfuata kilimani, kondoo wametapakaa kama mawe, yeye ameketi anamenya kitunguu.

"Nahitaji kondoo wako siku tatu, Enos. Kama baba yako alivyonifanyia."

"Baba alikuwa anakuonea huruma. Mimi nakufahamu."

"Taja bei."

"Nilikutajia miaka ishirini iliyopita. Ulisema nanuka kondoo."

"Bado unanuka. Taja nyingine."

Enos alikata kitunguu vipande viwili, akampa kimoja. "Siku ya mshumaa, kabla haujawashwa, utasimama mbele ya watu wote, wenyeji na wageni. Utasema kijito hiki kinalala lini, kinaamka lini, na chini yake kuna nini. Yote. Bila kuulizwa."

Thirza alisahau kutafuna. "Huko ni kunivua nguo, Enos. Yale ninayoyajua ndiyo mtaji wangu."

"Kondoo mia mbili na arobaini wana miguu mia tisa na sitini. Katafute miguu mingine."

"Nitakupa matufaha. Mkokoteni mzima."

"Meno yangu hayawezi matufaha."

"Basi nitasema nusu. Kinalala lini."

"Msichana," Enos alisema, "shimo lile lilichimbwa na nusu."

Thirza alikula kipande chake chote kabla ya kujibu. Katika maisha yake hakuwahi kulipa bei ya kwanza iliyotajwa. Siku hiyo alilipa.

Oktoba walijaza shimo. Chini walishindilia chaki, juu yake Vine akamwaga udongo wa mfinyanzi, lori baada ya lori, nao wakaumwagia maji ya ndoo mpaka ukawa laini kama siagi. Kisha Enos akaingiza kondoo. Kwato ndogo za kondoo hushindilia udongo kuliko nyundo yoyote. Huingia, hutoka, huingia, hufukuza kila pumzi ya hewa. Walizungushwa kutoka asubuhi hadi giza, siku tatu, mbwa akibweka, Vine akikimbia kando na fimbo, yale mabuti hayatambuliki tena.

"Kushoto, Bwana Vine! Kushoto!" Enos alipiga kelele. "Mkono unaoandikia ndio wa kulia, ule mwingine!"

"Ninaandikia kushoto!"

"Ndiyo maana ukachimba!"

Kijiji kizima kilikuwa ukutani kikitazama. Thirza hakucheka. Kila jioni alivua viatu akatembea juu ya udongo ule kwa nyayo, akitafuta mahali penye kulegea. Siku ya tatu hakupapata. Walirudisha kokoto juu yake, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Udongo mpya juu ya chaki unaweza kushika, unaweza kupasuka. Baba yake Enos aliwahi kushindilia bwawa, likashika wiki moja likakauka kwa usiku mmoja.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Krismasi ikapita, Januari ikapita, Vine akawa anauliza maswali kila siku, na Thirza anayajibu, pamoja na mengine ambayo hakuulizwa, maana alikwisha kuona kwamba atayasema tu. Walitembea mara nyingi kutoka juu hadi chini. Tarehe tisa Februari unyevu ulionekana chini ya mti wa miiba. Tarehe kumi na nne maji yaligusa jiwe la kanisa. Mwoka mikate alishinda dau, lakini hakuna aliyekwenda kunywa. Wote walielekea bondeni.

Maji huja polepole kuliko watu wanavyofikiri. Yalikuja kama ulimi, yamebeba majani makavu na wadudu waliokufa, yakijaza kila shimo dogo kabla ya kusonga. Yalifika penye kiraka, pale palipokuwa shimo, saa tano asubuhi. Yakasimama. Thirza aliyatazama yakizama kati ya kokoto, nusu saa nzima, hayaendi mbele, yanashuka tu. Vine aliinua mkono kutaka kusema.

"Nyamaza," alisema Thirza.

Alichuma unyasi mkavu, akauweka juu ya maji. Unyasi ulizunguka mara moja, ukazunguka tena. Uliinuka kidogo. Halafu, kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani, ukaanza kwenda. Ukavuka ukingo wa kiraka, ukagonga kokoto za kitalu cha kwanza, ukaingia. Nyuma ukutani watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na bata wa posta, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakasikika wanakuja.

Thirza alivua glavu na kutia mikono majini. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama kawaida yake.

Aprili, chumba cha nyuma cha kanisa kilijaa. Habari za mboga ya Pennet zilikuwa zimefika mbali, na mabwana wawili wageni, wenye minyororo ya saa vifuani, walikuwa wamekaa safu ya mbele. Mzee wa kanisa alikata inchi yake. Enos, mlangoni, alikohoa.

Thirza alisimama. Alisema yote. Kwamba kijito hulala Julai na huamka baada ya Krismasi, mwaka mwingine si kabla ya Februari. Kwamba mboga ya kiangazi hapa ni ndoto. Kwamba chini ya kokoto kuna udongo mwembamba kama mkate, na mwenye sepetu anaweza kuua kijiji kwa siku moja. Kwamba mwaka jana aliyajua hayo akanyamaza. Akaketi, uso umewaka.

Mabwana wawili walitazamana. Mmoja alitoa saa yake akaitazama, wakainuka, wakaomba radhi, wakatoka.

Thirza aliwasindikiza kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Ilimchukua muda mfupi tu kuielewa hesabu yenyewe, na iliuma kuliko magoti. Angeyasema maneno hayo mwaka jana, kwa dakika mbili, bila kondoo na bila shimo, Vine naye angetazama saa yake.

Mshumaa ukawashwa. Vine, aliyebaki safu ya pili, alitaja bei ya wastani. Thirza akaongeza shilingi tano. Kisha kimya. Inchi nzima ilikuwa mbele yao, na Thirza hakuruhusiwa kuinuka, wala kuuliza, wala kupunguza urefu wake kwa mzaha. Nyuma yake alikaa mtu anayejua jambo asilolijua yeye, ataongeza au hataongeza, na mtu huyo alikuwa amefunga mdomo. Nta ilichuruzika. Wakati mmoja alimsikia Vine akivuta pumzi kama anayetaka kusema, mgongo ukamsisimka, kumbe ni miayo. Mwali ukarefuka, ukawa wa buluu, ukazimika.

Bonde likarudi kwake, kwa bei ndogo kuliko alizowahi kulipa tangu vita kuu.

Alimkuta Vine nje ukutani pamoja na Enos.

"Mbona hukuongeza?"

"Sikulihitaji sana. Nina pangu."

"Pako wapi?"

"Kona ya upupu, kwa Bugler. Tumeandikiana mkataba Jumanne iliyopita, wa miaka ishirini na moja. Chemchemi ile hailali, Bi Meech. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Thirza alimtazama. Miaka saba ya kuvizia, na Bugler hakumshushia hata peni.

"Jumanne! Juzi umekunywa chai kwangu. Mbona hukuniambia?"

Vine alivaa kofia yake taratibu.

"Hukuniuliza."

Enos alianza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka akalazimika kushika ukuta. Thirza hakucheka. Alitazama chini ya barabara, ambako Pennet ilikuwa ikipita chini ya mawe ya watu, kutoka bondeni kwake kuelekea kwenye kona ya Vine, maji yale yale. Machi angekuwa na mboga yeye, na Vine pia. Agosti angekuwa nayo Vine peke yake. Na mwenye lori alikuwa mmoja.

"Lile lori lako," alisema, "kutoka hapa hadi stesheni alfajiri, unatoza kiasi gani kwa kapu?"

Vine akataja.

"Hiyo ni bei ya wageni," alisema Thirza, akakunja mikono ya sweta yake. "Anza tena."